Leseni ya Ofisi

Shuleni, Ganze
Jumamosi, 24 Mei 2025

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la nje ya maktaba, maana ndani kuna joto. Mimi ni mzima. Kikohozi kilichonishika mwezi wa nne kimeniacha. Maji ya bomba yalikatika kwa siku tisa tukawa twateka bwawani kwa zamu, lakini jana yamerudi na matroni akapiga kigelegele kama yuko harusini. Katika mtihani wa kufungulia muhula nimepata themanini na moja kwenye Kiswahili na hamsini na mbili kwenye Kemia. Hiyo ya Kemia naomba usimwambie shangazi.

Na wewe je? Ile cherehani kubwa umeitengeneza? Paka wa jirani bado yuaja dukani kulalia vitambaa vyeupe? Wapata kula mchana, au ni mkate na chai tu kama ulivyoniambia kwenye simu ya shangazi?

Kahonzi akusalimu. Ndiye msichana wa kitanda cha juu yangu, yule wa Bamba anayecheka hata kwenye gwaride. Asema siku ukija kunitembelea umletee haluwa, na kama huji uitume.

Sasa nina jambo. Ni kuhusu ile kompyuta uliyonitilia kwenye begi mwezi wa pili, nilipokuwa narudi shuleni baada ya zile siku tatu. Mwalimu mkuu aliniruhusu kuwa nayo kwa sharti ikae kwenye kabati la chumba cha kompyuta. Huifungua Jumamosi tu, saa nane hadi saa kumi. Jumamosi iliyopita nilipofungua programu ya kuandikia, kukatokea ukanda wa manjano juu ya ukurasa. Ulisema kwamba Ofisi haijaweza kuwasiliana na shirika langu, na kwamba baada ya siku sabini na nne itafungwa. Ofisi ndilo jina la hiyo programu ya kuandikia.

Nikaenda kuangalia upande wa Windows. Windows yasema iko sawa, ina kibali chake. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Nilidhani mashine ikiwa na kibali, basi kila kilichomo ndani kina kibali. Mwalimu Chengo, anayetufundisha kompyuta, akaniambia hapana. Hivyo ni vibali viwili. Windows ndiyo inayoiamsha mashine yenyewe. Ofisi ina leseni yake peke yake, na hazijuani. Moja yaweza kuwa hai na nyingine ikafa. (Nimekosea neno. Nilitaka kusema ikaisha.)

Kwa hiyo naomba, Baba, unitazamie kabatini kama kuna karatasi yoyote ya leseni ya Ofisi. Ikiwa haipo, uniulizie jinsi ya kuihuisha. Siku zikiisha nitaweza kuyasoma yaliyomo lakini sitaweza kuandika, na kuna kitu naandika. Ni kazi ya kawaida tu.

Mwanao,
Rayhana


Shella, Malindi
Jumatatu, 9 Juni 2025

Bismillahi.

Binti yangu Rayhana, asalaam aleikum, na marahaba ya shikamoo yako. Barua uliyoiandika tarehe ishirini na nne imenifikia tarehe tatu. Naona posta wamekuja nayo kwa miguu.

Idd tumesali uwanjani, watu wengi. Wiki ile nilishona kanzu kumi na saba, zote za haraka, na moja nimeitia mifuko miwili upande mmoja. Mwenyewe hajasema kitu. Ama hajaona, ama ameona akanihurumia. Jirani aliniletea pilau. Nilikula nusu, nusu nikampa huyo paka unayemuulizia, kwa hiyo usiseme tena kwamba hali nyumbani ni ya mkate na chai. Cherehani kubwa yafanya kazi lakini yapiga kelele kama mtu anayeumwa jino.

Hamsini na mbili si mbaya. Mimi Kemia sikuisoma kabisa na watu wavaa nguo zangu.

Karatasi nimeitafuta. Kabati la chini lote nimelitoa nje. Nimepata cheti chako cha chanjo, nimepata kandili isiyo na kioo, na meno yako mawili ya utotoni kwenye kikebe cha hina. Leseni sikuiona. Mkoba wa kahawia sikuufungua.

Basi nikavaa kanzu ya Ijumaa nikaenda ofisi ya leseni. Mambo hayo nayajua, ya duka naihuisha kila Januari na iko ukutani kwa fremu. Nilisimama foleni tangu saa tatu. Pale dirishani palikuwa na msichana mwenye adabu yake.

"Leseni ya biashara gani, mzee?"

Nikamwambia, ya ofisi.

"Ofisi ya nini?"

Nikasema, ya kuandika. Akaandika. Akaniuliza jina la mwenye leseni, nikampa kitambulisho. Nilikuwa nacho mfukoni, sijui kwa nini nilikichukua. Akakitazama, akanitazama.

"Huyu ni mama. Mwenyewe yuko wapi? Lazima aje mwenyewe atie sahihi."

Nikamwambia nitarudi.

Sikurudi. Niambie kama kuna ofisi nyingine.

Nimekutumia haluwa robo kilo kwa mkono wa dereva wa gari la shule. Mpe mwenzako sehemu yake, asije akaacha kucheka.

Baba yako,
Hilal


Shuleni, Ganze
Jumamosi, 21 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Haluwa imefika, karatasi yake imelainika kwa joto lakini yenyewe salama. Kahonzi akushukuru sana. Amekula sehemu yake na ya msichana wa kitanda cha tatu, kisha akasema hawezi kusoma kwa sababu ya kushiba. Mimi ni mzima. Nimemaliza vitabu vyote vya rafu ya pili pale maktaba, na mkutubi amenipa ufunguo wa kabati la vitabu vya zamani, lile wanalosema lina mchwa. Sijaona mchwa. Cheti cha chanjo kihifadhi.

Kuhusu ile ofisi uliyokwenda, kosa ni langu. Niliandika "leseni ya Ofisi" na wewe ukaenda ofisi ya leseni. Yeyote angekwenda huko. Nilipomsomea Kahonzi alicheka hadi akakaa chini, kisha nilipofika pale pa kitambulisho akaniuliza kama nataka nusu ya muhogo wake. Nisamehe, Baba. Sikutaka usimame foleni kwa ajili ya jambo kama hilo.

Mwalimu Chengo amenieleza vizuri zaidi. Kibali cha Windows kilitiwa kiwandani, kimefungwa kwenye kile kipande kikubwa cha ndani kinachoitwa ubao mama. Mashine ikiwa na ubao wake, Windows haina shida mpaka mwisho.

Kahonzi akasema, "Kumbe hata kompyuta ina mama!"

Mwalimu akamtazama, Kahonzi akanitazama mimi, na darasa zima likawa na kazi ya kufanya ghafla.

Lakini leseni ya Ofisi si ya mashine, wala si ya mtu. Ni ya shirika. Pale kwenye shirika huwa kuna mashine kuu, na kila kompyuta yao lazima ipige hodi kwake kwa kupitia waya wa palepale ofisini. Iliyo karibu hupiga hodi kila siku saba. Iliyosafiri hupewa siku mia na themanini za kuwa mbali. Zikipita hizo bila kurudi, haibembelezwi tena, yahesabiwa si ya pale. Nimeangalia mara ya mwisho ilipopiga hodi. Ni tarehe 31 Januari, Ijumaa. Kwa hiyo siku zaisha tarehe 30 Julai. Nimehesabu mara mbili kwa vidole na mara moja kwa kalenda.

Kaka yake Kahonzi, Lewa, ana duka la intaneti mjini Kilifi. Siku ya wazazi alinionyesha kidude cha flashi akasema kina programu ya kuvunja kufuli, dakika mbili tu, Windows na Ofisi vyote vitaamka na havitauliza kitu. Nilikataa. Niliogopa kitafuta yaliyomo. Lakini nilifikiria siku mbili nzima.

Usihangaike kwenda popote tena, Baba. Ni kazi ya kawaida tu.

Shule itafungwa tarehe mosi Agosti. Shangazi amenialika tena Mombasa, na kwake kuna utulivu wa kusomea. Kama hutaudhika nitakwenda, kama mwezi wa nne.

Mwanao,
Rayhana


Shella, Malindi
Jumatatu, 14 Julai 2025

Rayhana mwanangu,

Asalaam aleikum na marahaba. Barua yako imekaa kwenye mfuko wangu wa kifuani wiki mbili, hata imechakaa kwenye mikunjo. Si kwamba nalikuwa na kazi. Kazi ni chache, harusi zimepungua. Bega la kulia laniuma kidogo nikikata vitambaa. Paka amezaa ndani ya sanduku la vifungo, watoto watatu, na sasa mteja akitaka vifungo vyeupe namwambia angoje wanyonye kwanza.

Jumanne iliyopita nalikwenda Gede. Hukuniomba, nimekwenda tu. Tangu Februari sikuwa nimeipita barabara ile. Nilisimama nje ya ofisi ya chama cha wafuga nyuki, pale kazini kwa mama yako, mbele ya ubao wao, nikajifanya nasoma matangazo. Nimeyasoma yote. Kuna mizinga minane yauzwa.

Yuko bwana mmoja hapo, Jimmy, ndiye anayeziangalia kompyuta zao. Akanijua kabla sijasema jina.

"Mzee Hilal! Karibu ndani."

Nikamwambia hapa nje pana upepo.

Akatoka yeye, akaniletea kiti, tukazungumza pale barazani. Nilimsomea barua yako sehemu ya leseni. Asema mwalimu wako amesema kweli ila hakumaliza. Mashine kuu haiipi mashine moja kibali peke yake, yahesabu kwanza. Mpaka mashine tano zimepiga hodi ndipo inapotoa. Zikiwa nne, haipati hata moja. Nami hilo nalifahamu mara moja. Nikamwambia ni kama wali kwenye sinia, mwenye nyumba hafunui kawa mpaka wote wakae. Jimmy akacheka, akasema miaka yote ameeleza watu jambo hili na hajawahi kulieleza vizuri hivyo.

Pale ofisini wana kompyuta nne. Ya tano ni hiyo uliyo nayo. Ikikosekana kwa siku thelathini haihesabiwi tena, kwa hiyo hata zile nne hazijapata kibali tangu Machi. Siku zao zaisha mwisho wa Agosti. Nikamuuliza kwa nini hawakusema. Akasema hawakutaka kutusumbua.

Dawa ni moja. Si karatasi na si namba. Ni mashine yenyewe iletwe Gede, ichomekwe waya, robo saa.

Kuhusu Mombasa. Kwa shangazi yako ni kuzuri, pana utulivu. Huku hakuna utulivu, kuna ukimya, na mimi sijui kama ukimya wafaa kusomea. Amua mwenyewe, sitaudhika.

Chumba chako nimekipaka chokaa. Kilikuwa kinahitaji.

Baba yako,
Hilal


Shuleni, Ganze
Jumamosi, 26 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Leo sitaandika habari za maji wala za Kemia. Ukanda wa manjano wasema zimebaki siku nne.

Nilikwambia ni kazi ya kawaida. Si kazi. Ndani ya kompyuta hii kuna faili moja linaloitwa RAYHANA. Ndimo zilimo barua zote alizoniandikia Mama tangu nilipoingia kidato cha kwanza. Aliziandika Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, akazichapa palepale ofisini na kuzitia posta. Hakuwa akifungua faili jipya. Alianza tu chini ya barua ya wiki iliyopita, kwa hiyo ukifungua unashuka wiki baada ya wiki, kama ngazi. Ya mwisho ni ya tarehe 31 Januari. Yasema hivi:

"Mwanangu Rayhana, sisi wazima, ila leo mkono"

Hapo imekatika. Hata nukta hakuna.

Wewe uliniambia alianguka akiwa kazini na kwamba zile siku kumi na moja za hospitali hakusema neno. Hukuniambia alikuwa akifanya nini alipoanguka. Sijui kama ulijua. Mimi nilijua Jumamosi ya kwanza nilipoifungua, na sikukwambia.

Tangu hapo nimekuwa nikimjibu. Kila Jumamosi, chini ya hilo neno mkono, saa nane hadi saa kumi. Nimeandika kurasa kumi na tisa. Wewe nilikuwa nakuandikia habari za bomba na matroni. Yeye nilimwandikia zilizobaki. Kwamba silali vizuri. Kwamba Kemia niliiharibu kwa sababu mtihani ulianza Ijumaa saa sita, nikawa naangalia saa. Nina haya hata kukuandikia haya sasa, na ndiyo maana mwandiko umekuwa mdogo.

Ndiyo maana sikuja mwezi wa nne. Si utulivu wa kusomea. Kwa shangazi watoto wake sita walala sebuleni na televisheni haizimwi. Niliogopa kukiona kile kiti chake cha jikoni. Nilidhani nikikiona kitupu, nikirudi shuleni sitaweza tena kuandika "Mama, leo".

Jana niliigeuza kompyuta chini juu. Kuna kibandiko chenye jina la chama cha wafuga nyuki, na namba tano. Baba, hii kompyuta ni ya nani? Wewe ulijua. Hukuniambia na mimi sikuuliza, kwa sababu nilijua ukinijibu itabidi niirudishe.

Pale Gede kuna watu wanne wanaoningoja na hawataki kutusumbua. Na wewe umepaka chokaa chumba changu.

Nimemwandikia shangazi kwamba siendi. Shule yafungwa Ijumaa asubuhi. Nitakuja moja kwa moja.

Rayhana


Mezani, nyumbani
Ijumaa, 1 Agosti

Rayhana,

Barua yako imefika jana. Niko msikitini. Wali wa nazi uko chini ya kawa, umeshika chini kidogo. Samaki amepika jirani, yeye hana lawama.

Mimi sijala. Usifunue mpaka nije.

Kiti kipo palepale. Ukitaka kisogezwe, tutakisogeza sote wawili.

Baba


Shuleni, Ganze
Jumamosi, 13 Septemba 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Nimefika salama na tumeshaanza masomo wiki ya tatu. Kahonzi amerudi na nywele mpya na shairi alilotunga kuhusu haluwa yako, nitakuandikia siku nyingine kwa sababu ni refu na halina vina. Bega lako je? Paka wadogo wametoka kwenye sanduku la vifungo?

Sasa Jumamosi saa nane sina kompyuta. Nakaa kwenye benchi la nje ya maktaba na karatasi. Wiki mbili za kwanza sikuandika kitu, nilikaa tu. Leo nimeona nikuandikie ya Gede, siku ile ya Jumatatu tulipoirudisha kompyuta. Najua ulikuwepo. Lakini ulitoka kwenda kununua maji ukakawia, kwa hiyo kuna yasiyokufikia.

Ulipotoka, Jimmy aliichomeka waya pale kwenye meza yake Mama. Ukanda ulikuwa umeshakuwa mwekundu, siku zilikuwa zimepita tano. Vitufe vyote vya kuandikia vilikuwa vimefifia kama vilivyofuliwa na jiki. Bi Emily wa meza ya pili alisimama nyuma yangu akanishika mabega. Hakuna kilichotokea. Tukangoja. Jimmy akaanza kutoa jasho akasema, "Haya, Mzee Hilal alisema ni sinia. Basi jamani kaeni, kila mtu mbele ya sahani yake!" Wakaenda wakakaa. Akawa anaita kama mwalimu wa zamu.

"Moja?"

"Ipo!"

"Mbili?"

"Ipo, na njaa," akasema Bi Emily, wakacheka.

"Tatu?" Ipo. "Nne?" Ipo.

"Tano?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake, Baba. Hakuna aliyenihimiza. Nyuki mmoja alikuwa akizunguka dirishani na wote tukawa tunamsikiliza yeye. Kisha nikasema ipo. Jimmy akabonyeza. Meza ya kwanza ndiyo iliyopiga kelele, "Umeondoka! Ukanda umeondoka!" halafu ya tatu, halafu zote. Yangu ilikuwa ya mwisho. Vitufe vilirudi rangi.

Nilishuka hadi pale kwenye neno mkono. Nilitaka kutia nukta. Nilikuwa nimeifikiria safari nzima ndani ya gari. Niliweka kidole, kisha nikakiondoa. Sikutia.

Bi Emily alinichapia faili lote, kurasa mia moja na nne, akazifunga kwa uzi wa kufungia masanduku ya asali kwa sababu kibanio hakikutosha. Akaniuliza kama nataka lifutwe kwenye mashine. Nikasema liache. Akasema, "Nami nilitaka useme hivyo."

Ndipo uliporudi, baada ya nusu saa, bila maji. Macho yako yalikuwa mekundu na ukasema ni vumbi la barabara. Nami nikasema ndiyo, kuna vumbi. Nataka kukwambia kwamba nilijua si vumbi, na kwamba ningependa siku nyingine tusiseme vumbi.

Zile kurasa ziko chini ya mto wangu. Sijazisoma tena tangu nije. Si kwa woga. Naziweka.

Mwanao,
Rayhana


gede ofisini
ijumaa 3 oktoba 2025

rayhana mwanangu

asalaam aleikum. usishangae herufi. bi emily alinionyesha zile kubwa zapatikana wapi nikasahau nikaona haya kuuliza mara ya tatu. kila herufi naitafuta kama sindano iliyoanguka. hii ni barua ya kwanza lakini nimekuja ijumaa ya nne. zile tatu nilikaa bila kuandika kama wewe na karatasi yako.

wazima sisi. sisi ni mimi na paka. wadogo wametoka kwenye sanduku na yule wa rangi ya kahawia nimemwita kemia kwa sababu hashikiki.

mkoba wa kahawia wa mama yako nimeufungua. kulikuwa na stempu kumi na mbili alizonunua kwa ajili yako. hii barua naitia moja. zilizobaki ninazo.

nimekuja baada ya sala. wamenipa kiti chake saa hii ya chakula wao wenyewe hawakitumii saa hii. nimefungua faili lako. zake nimezisoma zote kwa ijumaa tatu. sikujua kama alikuwa akikuandikia habari zangu vile. za kuanguka kwa kofia ndani ya kisima ameongeza chumvi.

zako sikusoma. nilipofika kwenye mkono nikayaepusha macho nikabonyeza kitufe cha kushuka mpaka mwisho. siku ukitaka utanisomea mwenyewe. sasa naandika chini ya yako nayo yako iko chini ya yake.

nalijua alikuwa akiandika. mimi ndiye niliyeifunga mashine siku ile. ilikuwa ingali wazi. sikukwambia kwa sababu nilidhani hukuona.

halikuwa vumbi.

jimmy asema hii sasa iko karibu na hupiga hodi kila siku saba. zile mia na themanini ni za zilizosafiri. nami nikafikiri juu ya hilo mpaka bi emily akaniuliza kama mashine imekwama. wewe umesafiri najua na shule ni shule. umepewa zako na ni haki yako.

lakini usizimalize zote.

baba